Ndege iliyoanguka mtoni Kongo, na uongo wa babu ambao haukuwa uongo

KILA familia ina mzee mmoja ambaye hadithi zake watu huzisikiliza huku wakikonyezana. Kwetu Nyanchwa, mzee huyo alikuwa babu yangu. Sokoro, kama tunavyowaita babu zetu huku Kisii.

Hadithi yake kubwa ilikuwa hii: alipokuwa kijana mdogo, wakati wa vita vya Hitler, alitembea na wenzake hadi Kisumu kutafuta kibarua. Walipofika ziwani waliona mashua kubwa nyeupe ikikimbia juu ya maji, mbio kabisa, ikirusha povu pande zote. Halafu, kwa maneno yake, "mashua ikakataa kusimama, ikapanda juu, ikaenda."

Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka hadi machozi. Mashua gani inapaa, sokoro? Yeye hakukasirika. Alikuwa ananyamaza tu, anakunywa chai yake. Alifariki nikiwa darasa la saba, na mpaka tunamzika, hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuamini ile mashua.

Mwaka jana usiku mmoja stima ilikuwa imerudi baada ya kupotea siku nzima, mimi niko macho, naperuzi simu bila sababu. Nikakutana na picha ya zamani: ndege kubwa yenye tumbo kama la meli, imekaa juu ya maji, injini nne juu ya bawa. Maelezo ya chini yalitaja vituo vyake. Kati ya hivyo, Kisumu.

Nilikaa kitandani nikaangalia hiyo picha kwa muda mrefu. Kumbe mzee hakudanganya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia hizi ndege kama vile wenzangu wanavyofuatilia ligi ya Uingereza. Na katika zote, kuna moja ambayo imenikaa kichwani. Iliitwa Corsair. Nakusimulia maisha yake, halafu nitakuambia kwa nini yamenihusu mimi, kijana aliyeacha chuo.

Meli yenye mabawa

Turudi miaka ya 1930. Himaya na ushawishi wa Waingereza vilienea kutoka Misri hadi Afrika Kusini, na barua kutoka London ilichukua wiki nyingi kufika kwa meli. Kampuni yao ya ndege, Imperial Airways, ilikuwa inafika ziwani Victoria tangu 1931, lakini kwa ndege ndogo na kwa kubadilisha vyombo njiani.

Serikali yao ikaamua kwamba barua zote za kawaida za himaya zisafiri kwa ndege bila malipo ya ziada. Kwa hiyo zilihitajika ndege kubwa. Shida ilikuwa moja: Afrika haikuwa na viwanja vya lami. Ndege nzito ingetua wapi? Jibu likawa maji. Mito, maziwa na bahari vipo tayari, hakuna anayevijenga.

Kampuni ya Short Brothers, iliyokuwa na kiwanda Rochester kando ya mto Medway, ikapewa kazi. Ilipokea oda ya ndege 28 kwa mpigo, kabla hata ya moja kuruka. Ya kwanza, Canopus, ilipaa Julai 1936. Corsair, yenye namba ya usajili G-ADVB, ikaingia kazini 1937.

Sasa jaribu kuipiga picha. Kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, karibu mita 35. Urefu, karibu mita 27. Ikipakiwa yote, tani 18 hivi. Injini nne za Bristol Pegasus, kila moja na propela yake. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 265 kwa saa. Leo huo ni mwendo wa polepole kwa ndege, lakini wakati huo wazee wetu walikuwa wanatembea kwa miguu kwenda Kericho kuchuma majani chai.

Ndani kulikuwa na sehemu ambapo abiria angeweza kusimama, aegemee dirisha, aangalie viboko na tembo chini. Hawakuruka usiku. Jioni ndege ilitua, wageni wanalala hotelini, asubuhi wanaendelea.

Na njia yenyewe? Southampton, halafu bahari ya Mediterania hadi Misri, halafu kufuata Nile: Wadi Halfa, Khartoum, Malakal, Juba. Kisha Port Bell kule Uganda, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, hadi Durban. Abiria wa Nairobi waliunganishwa Kisumu na ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa 1929 na mama mmoja mkulima, Florence Kerr Wilson. Ndiyo, uwanja wa Wilson unaousikia kila siku ulipata jina kwake.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa, Kisumu ilikuwa kwenye ramani ya dunia kuliko miji mingi ya Ulaya. Na sisi tuko hapa, zaidi kidogo ya kilomita 100. Ukipanda Manga siku ambayo anga iko wazi, unaliona ziwa kwa macho yako.

Siku ya kupotea

Asubuhi ya Machi 14, 1939, Corsair ilikuwa inarudi kaskazini, kutoka Durban kwenda Uingereza. Iliondoka Port Bell kuelekea Juba, safari ya zaidi ya kilomita 500 hivi. Nahodha alikuwa Kapteni E.S. Alcock. Jina hilo huenda unalijua. Kaka yake, John Alcock, pamoja na Arthur Whitten Brown, ndio waliokuwa wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege bila kutua, Juni 1919.

Siku hizo hakukuwa na setilaiti. Kulikuwa na kifaa cha redio kinachomwambia rubani mawimbi ya kituo yanatoka upande gani. Unafuata upande huo, unafika. Lakini kifaa kikiwa na hitilafu, kinakuonyesha njia ya uongo kwa uhakika mkubwa, na wewe unaifuata ukiamini uko sawa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Badala ya kwenda Juba, Corsair ilienda magharibi zaidi, chini kukiwa na ukungu, hadi ikaingia Kongo ya Wabelgiji bila wao kujua. Walipogundua wamepotea, mafuta yalikuwa yanaisha. Na kumbuka, hii ni ndege isiyo na magurudumu ya kutua. Haiwezi kukaa shambani. Lazima ipate maji.

Alcock akaona mto. Ulikuwa mto Dungu, karibu na Faradje, takribani kilomita 240 kusini-magharibi mwa Juba. Mto mwembamba, wenye miti kando. Fikiria Gucha wetu, kisha ufikirie kitu cha mita 35 kwa upana kikijaribu kutua humo.

Alitua. Hiyo peke yake ni kazi ya ajabu. Lakini chini ya maji kulikuwa na mwamba, ukapasua tumbo la ndege. Maji yakaanza kuingia. Akaisukuma kwa injini hadi ikakwama ukingoni kabla haijazama kabisa.

Hakuna aliyekufa. Abiria na wafanyakazi wote walitoka salama.

Lakini Corsair yenyewe ilikuwa imekaa kwenye matope katikati ya msitu, tumbo wazi, mahali ambapo hakuna karakana, hakuna winchi, hakuna hata bandari.

Kwa nini hawakuiacha?

Hili swali niliuliza kwa mjomba wangu. Yeye ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha upande wa Daraja Mbili, na mimi ndiye msaidizi wake mchana. Alifikiria kidogo, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya kipaji, akasema: "Inategemea wamebaki na ngapi."

Na alikuwa sahihi. Januari ya mwaka huo huo, dada yake Corsair aitwaye Cavalier alianguka Atlantiki kati ya New York na Bermuda. Mei, Challenger ikaharibika Msumbiji. Juni, Centurion ikapinduka ikitua Calcutta. Kampuni ilikuwa inapoteza ndege haraka, na vita vilikuwa vinanukia Ulaya. Kila moja iliyoweza kuokolewa ilikuwa na thamani.

Mafundi wa Short Brothers wakatumwa kutoka Uingereza hadi huko Faradje. Walifanya kazi miezi kadhaa kando ya mto, kwenye joto, mbu na mvua. Wakaitoa kwenye matope, wakaziba tumbo, wakatengeneza injini. Kufikia Julai 1939 ikawa tayari. Ikawashwa, ikashika kasi mtoni.

Ikagonga mwamba tena. Tumbo likapasuka mara ya pili.

Ukiwa fundi unajua hisia hiyo. Umefanya kazi yote, umepaka hadi rangi, halafu kitu kinaanguka mbele ya macho yako. Mimi ningefunga begi nirudi nyumbani.

Lakini hapa ndipo pana jambo ambalo watu wengi wanaposimulia hadithi hii wanalipita haraka. Tatizo halikuwa kwenye ndege. Injini zilikuwa sawa, rubani alikuwa sawa, mafundi walikuwa sawa. Tatizo lilikuwa mto.

Ndege ya maji haipai kwa kutaka tu. Ikiwa imekaa, maji yanalishika tumbo lake. Lazima ikimbie hadi tumbo liinuke na kuteleza juu ya uso wa maji, ndipo mabawa yapate nguvu ya kuibeba. Kwa hilo inahitaji vitu viwili: urefu wa kukimbilia, na kina cha kutosha ili isiguse mawe. Dungu haukuwa na kina hicho. Ungeweza kuleta rubani bora duniani mara kumi, angegonga mwamba mara kumi.

Kwa hiyo safari ya pili hawakuishia kutengeneza ndege. Waliinua mto.

Walijenga bwawa kuzuia Dungu, ili maji yapande juu ya miamba na patokee mahali pa kukimbilia. Kikazuka kijiji kizima kwa ajili ya kazi hiyo, wazungu wakakiita Corsairville. Septemba vita vya pili vya dunia vikaanza, bado wako pale. Krismasi ikafika, bado wako pale.

Tarehe 6 Januari 1940, rubani mwingine, Kapteni J.C. Kelly-Rogers, alikaa kwenye usukani. Huyu ni mtu ambaye miaka miwili baadaye ndiye aliyemrudisha Winston Churchill nyumbani kutoka Bermuda kwa ndege. Akafungua injini zote nne. Corsair ikakimbia kwenye yale maji yaliyozuiwa, ikapanda, ikaenda.

Karibu miezi kumi tangu ilipoanguka.

Iliishia wapi?

Haikuwa mwisho wa kazi yake. Wakati huo Imperial Airways ilikuwa inaunganishwa na kampuni nyingine kuwa BOAC. Juni 1940 Italia ikaingia vitani, njia ya Mediterania ikafungwa. Zile ndege za maji zikapewa mzunguko mpya, kutoka Durban kupitia Afrika Mashariki hadi Cairo, kisha mashariki hadi Asia na Australia. Ukiuchora kwenye ramani unafanana na kiatu cha farasi, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Kisumu kilikuwa kituo kimojawapo.

Corsair ilifanya kazi kwenye mzunguko huo wakati wa vita. Yaani ilirudi ziwani kwetu, ikapita mara nyingi, ikibeba barua na watu, tumbo lake likiwa na viraka vya Kongo.

Sitakuambia kwamba babu aliiona Corsair yenyewe. Angeweza kuwa ameona nyingine yoyote kati ya dada zake. Lakini wakati ni ule ule, na ziwa ni lile lile.

Vita viliisha, viwanja vya lami vikawa vimejengwa kila mahali, na ndege zenye magurudumu zikachukua kazi. Corsair ilivunjwa Hythe, karibu na Southampton, 1947. Miaka kumi tu ya maisha. Leo hakuna hata moja ya aina yake iliyobaki duniani, hata kwenye makumbusho.

Majina ambayo hayapo

Kuna kitu kinaniuma katika hadithi hii. Najua jina la nahodha aliyepotea. Najua jina la kaka yake. Najua jina la rubani aliyeipaisha. Najua namba ya usajili ya ndege, na jina la mto.

Lakini bwawa halikujengwa na namba ya usajili. Lilijengwa na vibarua, wenyeji wa Faradje na vijiji vya jirani, waliochimba na kubeba katika koloni ambalo hawakuwa na usemi nalo. Ndege haikuwa yao, barua hazikuwa zao, vita havikuwa vyao. Wao ndio walioinua maji. Katika yote niliyosoma usiku baada ya usiku, sijakutana na jina la hata mmoja wao.

Pengine huko Faradje kuna familia ambayo babu yao alikuwa anasema, "Sisi tulisimamisha mto ili ndege ya wazungu ipande," na wajukuu wanakonyezana na kucheka.

Sasa mimi naingilia wapi

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nafanya diploma ya uhandisi wa mitambo. Sikufeli mtihani hata mmoja. Karo iliisha, deni likapanda, siku moja jina langu halikuwepo kwenye orodha ya mtihani, nikapanda matatu ya kurudi Kisii na begi moja. Hiyo ndiyo habari yote. Hakuna sinema.

Ukirudi nyumbani hivyo, unakuwa "yule aliyeanguka". Watu hawakusemi vibaya, wanakuhurumia, na huruma ni mbaya zaidi. Miezi michache baadaye nilienda kwenye kongamano la vijana mjini. Mzungumzaji, suti safi, viatu vinang'aa, akatuambia: "Siri ni moja. Ukianguka mara saba, inuka mara nane. Tatizo lenu vijana hamjitumi!" Tukapiga makofi. Nilitoka pale nikijiona takataka, kwa sababu nilikuwa nimejaribu kuinuka na nimegonga mwamba ule ule.

Corsair imenisaidia kupata jibu ambalo sikuwa nalo siku ile. Julai 1939 ile ndege "ilijituma". Injini nne, nguvu zote. Ikapasuka. Kama mtu angesimama ukingoni na kuiambia ijitume zaidi, ingepasuka mara ya tatu. Ilipopaa Januari, sababu kubwa ni watu waliochukua majembe wakaongeza kina cha maji.

Sisemi kwamba bidii haina maana. Mafundi walifanya kazi, rubani alihitajika kuwa hodari, na ndege mbovu isingepaa hata baharini. Ninachosema ni kwamba unapomuona kijana amekwama, kabla hujamhubiria, angalia kwanza kina cha mto aliomo. Wengi wetu hapa Kisii hatujaharibika. Tumetua kwenye maji machache.

Na kuna upande wa pili ambao ni mgumu zaidi kwangu kuuandika. Kwa mwaka mzima mjomba amekuwa akiniambia yuko tayari kulipa nusu ya deni langu, na mama ameshaongea na chama chao kuhusu nusu nyingine. Mimi nimekuwa nikikataa. Nilitaka nirudi kwa jasho langu mwenyewe, ili hakuna mtu aseme nilibebwa. Niliona kukubali ni aibu.

Juzi tulikuwa karakana tunamalizia geti, nikamsimulia mjomba mwisho wa Corsair, habari ya bwawa. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaweka chini nyundo, akaniangalia.

"Kwa hiyo," akasema, "hiyo ndege ilikataa maji?"

Sikuwa na la kujibu. Jioni nilienda kwa mama nikamwambia sawa, nimekubali. Hakusema mengi, alinimiminia tu chai na kunisogezea ndizi. Nikienda kulala nilimsikia ndani anaongea na simu na mweka hazina wa chama.

Muhula unaanza Januari. Deni nitawalipa, na kwa hilo mageti bado yapo mengi.

Wewe msomaji, kama una babu au nyanya aliye hai, nakuomba kitu kimoja wiki hii. Muulize tena ile hadithi yake ambayo nyote nyumbani mnadhani ni uongo. Usicheke. Muulize ilikuwa mwaka gani, alikuwa na nani, kitu kilikuwa na rangi gani. Andika kwenye simu. Mimi wangu sikumuuliza, na maswali ninayo sasa hivi, mengi, na kaburi lake liko pale chini ya mparachichi, limenyamaza kama alivyokuwa ananyamaza tukimcheka.